Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: wageni waambiwe ukweli kuhusu uwindaji kabla hawajatapeliwa

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS),
Na kwa viongozi wa kaunti za Nakuru, Homa Bay na Trans-Nzoia.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mpangaji wa safari za watalii hapa Nakuru. Natafuta magari na madereva, naweka nafasi hotelini na kambini, nalipia viingilio vya mbuga. Wageni wangu wengi huja kuona vifaru na twiga wa Ziwa Nakuru, kisha wakaelekea Maasai Mara, au wakapanda magharibi hadi Kisumu. Ila kila msimu hunijia ujumbe kutoka kwa watu wa aina nyingine. Huuliza kumpiga nyati mmoja ni bei gani, bunduki ya kukodi inapatikana wapi, kibali kinachukua siku ngapi. Wengine hutaja simba. Huuliza kwa adabu na utulivu, kama mtu anayeulizia chumba cha kulala.

Jibu langu halijawahi kubadilika: Kenya hairuhusu. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji tarehe 20 Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafungwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilikaza zaidi. Kuwinda kwa burudani ni kosa la jinai, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka sheria hiyo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Naliunga mkono katazo hili kwa moyo wangu wote. Ninacholalamikia ni kwamba mgeni analisikia kwangu mimi, na mara nyingi analisikia akiwa tayari amemlipa mtu mwingine.

Nitawaeleza kisa kimoja. Mzee mmoja kutoka ng'ambo aliingia ofisini kwangu na mwanawe wa kiume, mtu mzima. Walikuwa wamevaa buti mpya na kaki iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Mzee akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani, akaniomba nimwelekeze mahali pa kukutana na mwindaji wao. Karatasi ilikuwa na nembo ya taifa, muhuri wa buluu, na orodha: nyati mmoja, pofu mmoja (yule swala mkubwa), pundamilia wawili. Juu ilitaja Idara ya Gemu ya zamani iliyosimamia wanyamapori, ile iliyovunjwa na kuunganishwa na mbuga za taifa mwaka 1976. Eneo la uwindaji liliandikwa Ziwa Nakuru. Mbuga yenye ua wa umeme kila upande, mbuga ya taifa tangu mwaka 1968, makao ya vifaru tangu miaka ya themanini, imeandikwa kwenye karatasi kuwa kitalu cha kuwindia!

Niliwaambia ukweli. Kijana akaanza kupiga ile namba waliyokuwa nayo, akapiga tena, simu imezimwa. Mzee alikuwa anaifuata mistari ya orodha kwa kidole chake, kama vile akiisoma vizuri itageuka kuwa halali. Tulikwenda kutoa taarifa. Ofisi ya kwanza ikatuelekeza kwa ya pili, na ya pili ikatuambia jambo hili ni la ile ya kwanza. Waliondoka nchini mapema kuliko walivyopanga, na sidhani kama watarudi.

Najua wako watakaosema kwamba anayetaka kuua simba akitapeliwa, amepata alichostahili. Sikubaliani nao. Mtu yule aliuliza kama kuna kibali, akaonyeshwa kibali. Aliyemwibia ni Mkenya mwenzetu aliyetumia nembo yetu. Na tapeli huyu anastawi kwa sababu sauti ya serikali haisikiki pale mgeni anapouliza. Katazo limo kwenye vitabu vya sheria, mawakili wanalijua, askari wa wanyamapori wanalijua. Wageni walioniletea maswali hayo wameniambia kwamba, tangu siku walipoanza kuwaza safari hadi siku walipotuma pesa, hawakuwahi kukutana nalo.

Kuna hatari kubwa kuliko ya karatasi za kughushi. Dereva mmoja kijana ambaye nimefanya naye kazi, mtu anayeweza kukutajia ndege kwa kumsikia tu, alipigiwa simu na dalali. Aliombwa atafute shamba kubwa lenye pofu, mwenye shamba akubali, mgeni aletwe usiku, yeye aendeshe gari tu. Pesa aliyoahidiwa ilipita mshahara wake wa miezi mingi. Alikataa, Mungu ambariki. Lakini alinijia na swali lililoninyima usingizi: mwenye shamba akitoa ruhusa, je, hilo bado ni kosa?

Bado ni kosa. Mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba hata akinywa maji kwenye bwawa lake kila siku. Nilimweleza, akashukuru. Ila nilielewa utata ulikotoka. Baadhi ya ranchi za Bonde la Ufa ziliwahi kuruhusiwa, kwa majaribio yaliyokoma mwaka 2003, kuvuna pundamilia na swala kwa ajili ya nyama na ngozi. Wazee wanakumbuka, vijana wamesimuliwa nusu, na nusu hiyo ndiyo dalali anayoitumia kuwaingiza mtegoni. Kijana mwenye mke na mtoto mchanga hapaswi kuwa umbali wa simu moja tu kutoka jela kwa sababu hakuna aliyemwekea sheria mkononi, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja.

Swali lenyewe haliwezi kwisha kwa kunyamaziwa, maana sifa ya nchi hii ilijengwa na wawindaji. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka madarakani Marekani. Katika safari nzima, kutoka pwani yetu hadi Sudan, yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Sehemu ya safari hiyo ilipita kwetu huku, kwenye nyanda za Uasin Gishu, ambako aliwatazama Wanandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki karibu na kilima cha Sergoit. Nikipita barabara ya Eldoret hulifikiria jambo hilo kwa uchungu. Wanaume wale walikuwa na ujuzi na ujasiri wa kukabiliana na simba kwa miguu, ila sheria za wakoloni zilitaka leseni ya pesa ambazo hawakuwa nazo. Mgeni alipiga mnyama akapigwa picha. Mwenyeji aliyetega swala ili watoto wale alifungwa.

Baadaye, mwaka 1934, wawindaji wa kulipwa walianzisha chama chao Nairobi, na kikadumu hadi katazo la 1977. Picha zao bado zinazunguka duniani. Anayeziona huko mbali hajui kwamba mlango ulifungwa karibu miaka hamsini iliyopita, na asipoambiwa na ninyi ataambiwa na tapeli.

Sasa, waheshimiwa, sitaki mdhani kwamba naliona katazo kuwa dawa ya kila kitu. Nimekaa na watu wanaotaka uwindaji urudi, baadhi yao ni wafugaji wenye akili na uzoefu, na hoja yao nzito naijua. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973; kufikia 1989 walibaki takriban 16,000, na katazo lilikuwepo kwa zaidi ya miaka kumi. Ujangili wa bunduki za kivita haukusoma gazeti rasmi la serikali. Watafiti waliolinganisha hesabu za tangu 1977 hadi 2016 katika maeneo ya malisho walikuta wanyamapori wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Mashamba, nyua, mifugo mingi na ukame vilifanya kimyakimya kazi ambayo bunduki ya mtalii haikuifanya.

Hayo ni kweli. Lakini nikitazama magharibi yetu, najiuliza anayetaka kurudisha bunduki atampiga nani. Mbuga ya Ruma, kule Bonde la Lambwe, Homa Bay, ndiko korongo wa mwisho wa Kenya waliko. Nawazungumzia wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi mbili. Sensa ya 2021 ilihesabu 15. Kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, wanakojificha nzohe, swala wa kwenye matete, ni mbuga ya kilomita za mraba tatu tu. Ziwa Nakuru ni kilomita za mraba 188 pamoja na maji yenyewe, na maji hayo yamekuwa yakipanda na kumeza malisho. Hakuna hata mnyama mmoja hapa wa kuuzwa kwa risasi. Kinachotakiwa ni pesa na juhudi zielekezwe kwa wanaoishi na wanyama hawa.

Hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Sheria ileile ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Ni ahadi nzuri. Lakini nenda Naivasha, ambako viboko hutoka ziwani usiku na nyati huvizia kwenye vichaka vya mibono na leleshwa, uulize familia zilizofiwa zimesubiri muda gani. Nimeonyeshwa na mama mmoja faili lake: fomu ya polisi, barua ya chifu, cheti cha kifo cha mumewe, na nakala za kila karatasi kwa sababu amekwisha kuombwa alete upya. Kingo za karatasi zimelegea kwa kushikwa. Mtu kama huyu akija dalali kumwambia amfungulie mgeni lango usiku mmoja, tutamwambia nini kuhusu faida ya wanyama hai? Anayelipwa fidia yake kwa wakati huwa mlinzi wa kwanza wa mbuga, kabla ya askari yeyote.

Mgeni akiniambia kwamba hata hivyo amekusudia kuwinda, simfichi kwamba jirani zetu wana sheria zao. Uganda ilianza majaribio ya uwindaji karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa utaratibu wake: kampuni yenye kitalu kilichogawiwa na serikali, mwindaji bingwa mwenye leseni, askari wa wanyamapori anayefuatana na mgeni, ada kwa kila mnyama, simba asiwe chini ya umri wa miaka 6, na nyara zisitoke bila karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ndani ya hifadhi za taifa haramu. Namwambia hiyo si kazi yangu, atafute kampuni iliyosajiliwa huko na aihakiki kwa mamlaka ya wanyamapori ya huko, TAWA. Namwambia pia kwamba akipitia Nairobi na bunduki kwenye mzigo, au akirudi na nyara, ameingia kwenye sheria za Kenya hata kama anabadilisha ndege tu. Swali linalofuata huwa: basi niandike kwa nani nipate maelezo kamili? Hapo namwelekeza ofisi hii na ile, na moyoni najua anahitaji mahali pamoja penye majibu yote ya bunduki na nyara zinazopita nchini mwetu. Pawekeni.

Na suala la mpaka lisiendelee kuachwa kwa mazungumzo ya chai. Ndovu wa Amboseli hawajui Kenya inaishia wapi. Baada ya madume kuuawa na wawindaji upande wa Tanzania mwaka 1994, kulikuwa na maelewano, na vitalu vya karibu vikakaa miaka mingi bila ndovu kuwindwa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 madume wakubwa wakaanza kuanguka tena, wale wenye pembe ndefu ambao wageni wangu huvuka bahari kuja kuwapiga picha. Tanzania haikuvunja sheria yake, na wala siandiki kuwatukana ndugu zetu. Natambua pia kwamba Nakuru iko mbali na mpaka ule. Lakini dume la namna hiyo likifa, safari ninayoiuza mimi hapa imepungua. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna mawaziri wanaokutana. Maelewano hayo yaandikwe na yatiwe saini, ili yasitegemee tena nani anamfahamu nani.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mlibebe kwa bidii kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloniletea matumaini. Wengi wanaoniuliza kuhusu kuwinda, nikizungumza nao kwa muda, naona wanachotamani ni kutembea kwa miguu, kusoma nyayo, kunyamaza, kumkaribia mnyama mkubwa mapigo ya moyo yakienda mbio. Hayo tunayo. Mlima Elgon una mapango kama Kitum, ambamo ndovu wameingia vizazi na vizazi gizani kukwangua mwamba kwa pembe ili wale chumvi. Kuta zina michirizi unayoweza kuipapasa kwa vidole. Saiwa unapanda jukwaa la mbao kabla jua halijachomoza, unasubiri matete yatikisike, nzohe anatokeza kichwa, kwato zake ndefu zimetanuka juu ya matope. Ruma asubuhi, ukungu ukiwa chini ya milima ya Kanyamwa, unamtafuta korongo kwa darubini pamoja na askari anayewajua mmoja mmoja. Nimewapeleka huko watu waliokuwa wameulizia bei ya nyati, na waliporudi mjini waliulizia tarehe za mwaka ujao.

Lakini kuipanga safari hiyo ni taabu. Barabara ya kuingia Ruma wakati wa mvua humrudisha mgeni akiwa bado hajafika. Mbung'o wa Lambwe wamepunguzwa kwa kazi kubwa ya miaka mingi, ila mgeni aliyesoma habari za malale huogopa, na hana taarifa mpya ya kumtuliza. Ruhusa za kutembea na askari au kukaa jukwaani usiku ningezitaka nizipate kwa siku moja na kwa bei inayojulikana. Magavana wa Homa Bay na Trans-Nzoia, hapa nanyi mnahusika: tingatinga moja na karavati chache zingewafanyia watu wenu kazi kuliko mabango mengi ya kukaribisha watalii.

Ninayoomba, basi, yanaweza kuanza bila bunge kukaa. Tangazo rasmi, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kichina, lisemalo kwamba uwindaji wa burudani hauruhusiwi Kenya, hakuna kibali chake, na yeyote anayekiuza ni mhalifu. Libandikwe kwenye balozi zetu, kwenye ukurasa ambako mgeni anaombea idhini ya kusafiri, uwanja wa ndege, na kila lango la mbuga kuanzia lango la Lanet hapa Ziwa Nakuru. Namba moja ya simu ya kuripotia matapeli wa vibali, ipokelewe na mtu mwenye mamlaka ya kufungua faili papo hapo. Ukurasa ule mmoja wa sheria upewe kila anayeongoza watalii. Na mafaili ya fidia yaliyolala yaamshwe, mkianza na ya waliofiwa.

Julai wageni wanafurika, na ujumbe wa kuulizia huanza kuingia miezi kadhaa kabla. Waongozaji na madereva wa Nakuru tuko tayari kukutana na maafisa wenu siku yoyote mtakayoitaja katika msimu wa mvua, magari yakiwa yamepumzika. Ukumbi tutautafuta wenyewe. Mtuletee mtu wa kutufundisha sheria hiyo na kujibu maswali yetu.

Wenu kwa heshima,
Mpangaji wa safari, Nakuru